Msisugue madirisha ya vioo vya rangi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wote wanaotunza majengo yenye madirisha ya kale ya vioo vya rangi. Kabla hamjamkabidhi mtu ndoo, sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria, tafadhali lichunguzeni kwanza dirisha lenyewe.

Mimi ni fundi wa vioo hivi, na nasema kwa uchungu. Karibuni nililetewa sehemu ya dirisha yenye mtakatifu asiye na uso. Joho lake la buluu linang'aa kama kawaida, lakini usoni pamebaki kioo kitupu. Ukikiinamisha kwenye mwanga unaona nusu ya nyusi moja, na mikwaruzo ya waya imezunguka pale yalipokuwa macho. Aliyesugua alidhani anatoa masizi.

Wengi huamini kwamba rangi yote imo ndani ya kioo. Kwa lile joho ni kweli: buluu yake ni ya madini ya kobalti yaliyoyeyushwa pamoja na mchanga, na hakuna sabuni ya kuitoa. Ila macho, midomo, vidole na mikunjo ya nguo huchorwa juu ya kioo kwa brashi. Wino wake ni unga wa kioo uliochanganywa na oksidi ya chuma au ya shaba. Kipande kikishachorwa huingia tanurini, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, mpaka unga ushikamane na kioo. Mtawa Theophilus aliieleza kazi hii katika karne ya 12, na msingi wake haujabadilika. Mchoro ulioiva barabara hudumu karne kwa karne. Usioiva hukaa juujuu tu. Katika karne ya 19 baadhi ya karakana za Uingereza zilitia boraksi, aina ya chumvi inayofanya wino uyeyuke kwa joto dogo zaidi, kwenye wino, unyevu ukaula, na nyuso zikafifia bila kuguswa na mtu. Mchoro wa namna hiyo hata kitambaa chenye maji matupu huondoka nao.

Wapo pia wanaotaka vioo ving'olewe kwa kuwa vimezeeka, eti kioo hutiririka polepole ndiyo maana ni kinene upande wa chini. Si kweli hata kidogo. Kioo cha zamani kilipulizwa kwa mdomo, na unene wake haukuwa sawa tangu siku kilipotoka kwa fundi. Kinachochoka ni risasi, yaani ile mikanda laini ya madini ya risasi yenye mfereji huku na huku inayoshika vipande. Baada ya miaka mia hivi hupasuka kwenye viungo, na dirisha likaanza kubenuka. Hapo dawa ni kulifungua, kuweka risasi mpya na kurudisha vioo vilevile. Madirisha haya yalitengenezwa yaweze kushushwa. Mwaka 1939 vioo vya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, viliteremshwa na kufichwa kwa sababu ya vita, kisha vikarudishwa mahali pake. Kama hilo liliwezekana kwa kazi ya karne ya 13, sioni kwa nini dirisha la babu zetu litupwe kwa kubenuka tu.

Nawasihi basi: vumbi litolewe kwa brashi laini, kavu, na mwenye kujua kazi akague mchoro kwa lenzi kabla tone la maji halijagusa. Mkiweka kioo cha kinga kwa nje, acheni nafasi hewa ipite kati yake na kile cha kale, la sivyo unyevu utanaswa humo. Pigeni picha kila dirisha lingali zima. Na kioo kikivunjika, okoteni vipande vyote, hata vya ukubwa wa ukucha, mvitie kwenye bahasha na kuandika vimetoka dirisha gani. Gundi zipo za kuviunganisha.

Wako,
Fundi wa vioo vya rangi