Dumu lako la maji ya moto

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu wa Chumbageni,

Salaam aleikum. Mimi mzima, watoto wazima, shemeji yako naye mzima isipokuwa mgongo, na sababu yake utaikuta huko mbele. Umenikataza nisikuhadithie safari kwa simu, eti ujumbe wa simu unasomwa umesimama na barua inasomwa umekaa. Haya, kaa.

Dumu lako limefika Dar, limejaa mpaka shingoni. Ila usipige vigelegele kwanza. Uliniagiza maji ya moto ya Mbeya kwa ajili ya magoti yako, na kilichomo humo sasa ni maji ya Mbeya tu. Moto umebaki kwao.

Unakumbuka tulikuwa tunakwenda kwenye harusi ya mdogo wake shemeji yako. Tulikuwa watano kwenye IST: sisi wawili, watoto wawili, na mama mkwe amekaa mbele kama bosi, miguu imenyooshwa. Tulitoka saa kumi alfajiri ili tuivuke Kibaha kabla ya foleni. Tumefika Mlandizi, jua halijatoka vizuri, tumepigwa tochi: 63 penye 50. Elfu thelathini ikaenda. Kosa ni letu, wala sisemi kitu, lakini mama mkwe alisema kwa niaba yetu sote mpaka Chalinze.

Mikumi tuliona twiga wanavuka lami taratibu kama wamelipia kodi ya barabara, na ule ubao wa faini za kugonga wanyama watoto waliusoma wote kwa sauti, wakabishana nani ghali zaidi. Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu, vile vinavyouzwa kwenye vifuko vya wavu. Huo wavu ukae nao kichwani, utarudi.

Kitonga ndipo tulipochemka. Si kwa utani, gari ilichemsha kweli. Ule mlima una kona juu ya kona, malori yanapanda kama yanasukumwa na watu, na sisi nyuma yao gia ya kwanza, feni inalia. Mara mvuke ukatoka kwenye boneti. Kwa hiyo nikikwambia maji moto ya kwanza niliyoyaona safari hii yalikuwa ndani ya rejeta ya gari yetu, ujue nasema kweli. Shemeji yako alilala chini ya gari kutafuta panapovuja, juu ya kokoto, saa nzima. Ndiyo habari ya mgongo. Dereva mmoja wa lori alishuka kutusaidia. Rejeta ilipopoa akafungua mfuniko, akaingiza kidole, kikatoka na ukoko mweupe, akauliza, "Mnatia maji ya kisima, ee?" Tukaangaliana. Tabata maji ya bomba yakikatika unatia nini?

Tukalala Makambako na baridi yake. Mama mkwe alilala na vitenge viwili na koti la shemeji yako. Harusi sikusimulii, picha umeziona.

Sasa, siku ya pili baada ya harusi ndiyo tukaenda Songwe. Unapita Mbalizi, unashika barabara ya Tunduma, halafu unaacha lami na kuingia kwenye vumbi kushuka bonde la mto Songwe. Usichanganye, maana mito ya jina hilo ni miwili: mmoja ndio mpaka wetu na Malawi na unaingia Ziwa Nyasa, huu wa maji moto unakwenda kumwaga Ziwa Rukwa. Mimi mwenyewe nilikuwa najua mmoja tu mpaka nilipokosolewa na mwanangu wa darasa la tano.

Nilichotegemea ni dimbwi. Nilifunga hata kanga ya kuogea ndani ya begi, nacheka mwenyewe nikikumbuka. Kumbe tunafika tunakuta jiwe. Ukingo mzima wa bonde ni jiwe jeupe lenye rangi ya maziwa yaliyoungua, limeshuka ngazi ngazi kuelekea mtoni, na katika nyufa zake maji yanachomoza yakitoa povu na mvuke. Ilikuwa asubuhi bado kuna ubaridi, kwa hiyo mvuke ulionekana vizuri. Penye maji ya moto kabisa hakuna kinachoota, jiwe ni safi. Yakishatiririka kidogo na kupoa unaanza kuona utelezi wa kijani, halafu wa rangi ya machungwa, halafu majani ya kawaida. Ungeweza kujua moto wa maji kwa kuangalia rangi tu, bila kutia kidole.

Kidole nilitia, nikakitoa haraka. Wataalamu waliopima wamekuta chemchemi za pale zinavuka nyuzi 80. Kijana aliyekuwa anatuongoza akatuambia tukanyage alipokanyaga yeye tu, maana mahali pengine jiwe la juu ni jembamba kama kaki na chini yake ni maji. Mwanangu mdogo alibebwa mgongoni muda wote, akapiga kelele muda wote.

Tukaona povu linavyotokota nikasema, haya yamechemka. Kijana akacheka: hayajachemka, ile ni gesi. Ni hewa ileile ya kwenye soda, kaboni dayoksaidi, inapanda na maji kutoka chini. Kule Busokelo, wilaya ya Rungwe, hewa hiyo inachimbwa ardhini na kuuzwa viwandani ikatiwe kwenye vinywaji. Ina maana soda tuliyokunywa harusini inawezekana ilipata mapovu yake kwenye milima ileile tuliyokuwa tunaitazama. Shemeji yako alifurahishwa na hilo kuliko harusi yenyewe.

Na hiyo hewa ndiyo inayojenga jiwe. Nieleze nilivyoelewa: maji ya mvua yanazama chini sana kwenye nyufa za bonde la ufa, na Mbeya ndipo mikono mitatu ya ufa inapokutana, wa Rukwa, wa Nyasa na wa Usangu. Huko chini yanapata moto, yanabeba ile hewa, na maji yenye hewa hiyo yanakula mawe ya chokaa. Yakitoka juu, hewa inakimbia kama soda iliyofunguliwa, na chokaa inakosa pa kushika, inabaki pale pale. Kidogo kidogo, maelfu ya miaka, mpaka ikawa ukingo mzima. Kuna sehemu watu wanakata hilo jiwe vipande vya marumaru vya kuweka majumbani.

Nilisimama pale nikafikiria birika langu la Tabata. Ule ukoko mweupe unaobanduka vipande vipande ukichemsha maji ya kisima, ninaousugua kwa ndimu kila mwezi! Na ule wa kwenye kidole cha dereva wa Kitonga. Ni jamaa moja hiyo. Mama mkwe akainama, akapapasa ngazi moja iliyokuwa bado ina maji, akasema, "Kumbe jiwe linaota." Sikuwa na la kuongeza.

Mayai. Nilikuwa nayo sita kwenye mkoba, nimeyabeba kutoka Mbeya mjini kwa sababu kila mtu alisema lazima. Tatizo, unayashusha vipi? Ndipo nikakumbuka wavu wa vitunguu ulikuwa kwenye buti. Nikamwaga vitunguu, nikatia mayai, kijana akafunga wavu kwenye fimbo ndefu, akaining'iniza kwenye jicho la chemchemi. Tukakaa robo saa na ushei. Nilipomenya la kwanza ute mweupe ulikuwa umeshika lakini laini, unatetemeka kama jeli, na kiini kimekuwa kizito cha kulamba, hakijawa unga. Jikoni kwangu sijawahi kupata yai la namna ile, kwa sababu mimi nachemsha mpaka nisahau. Tulikula na chumvi kwenye kipande cha gazeti, tumechuchumaa, mvuke unatupiga usoni. Harufu ya mayai viza uliyonitisha nayo sikuisikia.

Na hapo, shoga, nikakukumbuka wewe, nikataka kukupigia simu nikutukane. Hiyo harufu unaijua wapi? Amboni! Darasa la sita, tumetoka mapangoni, tukapelekwa kwenye maji ya Galanos, yale yenye jina la yule Mgiriki wa mashamba ya mkonge, tukaziba pua wote, na wewe ukasema mwalimu amejamba. Maji ya salfa, wazee wanayaendea mpaka leo kwa ngozi na viungo. Kutoka Tanga mjini kufika Amboni ni kilomita 8 hivi. Unakaa kilomita 8 kutoka maji moto, unamwagiza mtu wa Dar akakuletee ya Mbeya, zaidi ya kilomita 800! Lakini ndivyo tulivyo, dawa ya jirani haiponyi.

Habari ya magoti sasa. Mama mkwe hakukubali kuondoka bila kuloweka yake. Kijana akatupeleka chini, maji yanapochanganyika na ya mto yakawa ya kuvumilika, akakaa juu ya jiwe na kutia miguu. Akanyamaza, yeye asiyenyamaza. Baada ya kama nusu saa nikamuuliza anajisikiaje. Akasema, "Ni kama ndoo ya maji ya moto tu, mwanangu." Akakaa nusu saa nyingine. Jioni alipanda ngazi za nyumba ya wenyeji wetu bila kushika ukuta, asubuhi yake akashika ukuta kama kawaida. Mimi nakupa nilichokiona. Joto linalegeza viungo, hilo hata mkandaji wa Ngamiani atakwambia, lakini kwamba maji yenyewe yana kitu zaidi ya joto na chumvi zake, sikuona cha kunifanya niape.

Shemeji yako kwa upande wake alikuwa ameshahamia kwenye umeme. Alimhoji yule kijana kama bungeni. Kenya, kule Olkaria karibu na Naivasha, wanazungusha mitambo kwa mvuke wa ardhini tangu 1981, na sasa kama asilimia 40 ya umeme wao unatokana na mvuke huo. Sisi tuna kampuni ya serikali ya jotoardhi tangu 2013, chini ya TANESCO, na mahali panapotupiwa macho sana ni Ngozi, ule mlima wenye ziwa kwenye shimo lake, upande wa pili wa Mbeya. Wapo wanajiolojia wanaosema hata moto wa maji ya Songwe asili yake ni huko Ngozi, maji yanasafiri chini kwa chini. Shemeji yako aliuliza kwa nini basi umeme unakatika Tabata. Kijana wa watu akasema yeye anaonyesha maji tu.

Turudi kwenye dumu. Kwanza nilichota kwa chupa ya maji ya dukani, ya lita moja na nusu, kwenye jicho lenyewe, nikitaka uletewe ya moto kabisa. Chupa ilijikunja mkononi mwangu! Ilisinyaa, ikajipinda kiuno, ikabaki kama chupa ya mtoto. Nikaitupa buti na maji yakamwagika kwenye viatu vya harusi. Ndipo nikachukua lile dumu la mafuta la lita tano, nikashuka chini kidogo yalipopoa, nikachota pale. Kwa hiyo hata mwanzo wake halikuwa la moto sana. Tulipofika Mafinga lilikuwa vuguvugu, Morogoro la kawaida, na hapa Dar, kwa joto hili, lina uvuguvugu wa jikoni kwangu.

Jana nililimulika kwa tochi ya simu. Chini limetulia unga mweupe, na ubavuni umeanza utando. Niliguna peke yangu. Linaota na humo ndani.

Alhamisi nitampa konda wa basi la Tanga, stendi ya Magufuli, jina lako nimeliandika kwa maka peni pande zote mbili. Mlipe konda akidai, usibishane naye. Usiyanywe, na usimpe bibi akayanywa. Huo unga mweupe usije ukadhani nimekuchotea kwenye pipa la saruji. Na ukitaka yawe ya moto, sufuria unayo.

Wavu nimeutunza. Nikija Idi twende Amboni, nauli ya bodaboda juu yako, kwa hasira niliyonayo.

Wasalaam,
Shoga yako wa Tabata