Ekzosi ikioza: mbele nunua, nyuma mpe fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari. Bomba la moshi likitoboka, swali huwa lile lile: ninunue ekzosi dukani au nimpe fundi aunde? Wengi huamua kwa bei. Kabla ya bei, lala chini ya gari uone ni wapi palipooza.

Katika magari madogo tuliyonayo mengi, kama IST, Vitz na Probox, mbele kuna manifoldi (inayokusanya moshi kutoka kwenye injini), masega (yanayosafisha moshi) na sensa za oksijeni, katikati kuna bomba lenye sailensa (kipunguza kelele) ndogo, na nyuma sailensa kubwa. Kuanzia manifoldi hadi sensa ya mwisho, nunua kifaa kilichotoka kiwandani. Kutoka hapo kwenda nyuma, fundi hodari anaweza kukuundia kitu kitakachodumu kuliko kopi nyingi za dukani.

Sababu ni hii. Moshi hautoki mfululizo, hutoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo, tundu dogo lililo mbele ya sensa huvuta hewa ya nje. Sensa ikiipata hewa hiyo hudhani petroli ni pungufu, na kompyuta huongeza petroli. Gari linakunywa mafuta, taa ya injini inawaka, na mwenye gari anabadilisha plagi na pampu bure. Kupaka silikoni ya kawaida kwenye maungio hayo si dawa, kwa sababu mvuke wake huua sensa yenyewe.

Kuna kosa jingine linaloniuma zaidi. Tazama bomba la mbele linapoungana na la kati: utakuta boliti mbili zenye springi, na katikati ringi ya gasketi iliyoviringika kama kichwa cha nyonga. Injini imelala kwa upana, kwa hiyo kila ukikanyaga mafuta inayumba mbele na nyuma, na ungio hilo linacheza nayo. Gasketi ikiungua, fundi asiye na nyingine anachomelea pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Kelele inaisha siku hiyo hiyo. Baadaye mtikisiko wote unahamia kwenye manifoldi, nayo inapasuka, au raba za kuning'inizia zinakatika moja baada ya nyingine. Ringi na springi ni vitu vya bei ndogo. Kataa ungio hilo lisichomelewe.

Ukiambiwa masega yameziba, omba kipimo. Sensa ya mbele inafunguliwa, inafungwa geji ya presha, na injini inazungushwa mara 2,500 kwa dakika. Presha ikizidi psi 3, kuna kizuizi kweli. Masega yana madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana yana wanunuzi. Yakitolewa, ni mali yako, ondoka nayo.

Sasa sehemu ya nyuma. Uliza bomba ni la unene gani: milimita 1.5 ni zuri, chini ya 1.2 litaoza mapema, hasa kwetu pwani kwenye chumvi. Bomba la maji lenye zinki lisitumike, kwani moshi wake wakati wa kuchomelea unamwumiza fundi na zinki yenyewe huungua pale pale kwenye weldi. Kipenyo kifuate cha kiwandani. Bomba la inchi mbili na nusu kwenye injini ya lita 1.3 hupunguza kasi ya moshi, na gari linakuwa zito kuondoka. Angalia kona pia: iliyobonyea ndani imeshapunguza njia.

Kabla ya kuchomelea, terminali ya hasi ya betri itolewe, na waya wa ethi ubanwe karibu na kazi. Bomba lishikizwe kwa vidoti vya weldi likiwa limening'inia kwenye raba zake zote, kisha lishushwe na kumaliziwa chini. Liachiwe walau sentimita mbili na nusu kutoka tangi la mafuta, paipu za breki na ekseli, huku likikumbukwa kwamba ekseli hupanda gari likibeba mzigo. Mdomo wake upite bampa. Ukiishia chini ya buti, hewa yenye kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inaingia walipokaa watoto.

Anayenunua dukani aende na namba ya chesisi, jina la gari pekee halitoshi. IST ya NCP60 na NCP65 zinafanana barabarani, lakini NCP65 huvuta kwa magurudumu manne, na bomba lake linapita njia nyingine kukwepa difu ya nyuma (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu). Ya mtumba kutoka Japani ichokonolewe kwa bisibisi kwenye mishono: barabara za kaskazini mwa nchi hiyo humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na rangi mpya huficha kutu. Itikise. Ikilia kama njuga, vigawanyo vya ndani vimeachia.

Sailensa nyingi za kiwandani zina kitundu cha milimita mbili au tatu upande wa chini. Kinatoa maji, kwa sababu petroli ikiungua huzaa maji karibu sawa na ujazo wake, na safari fupi haziyakaushi. Msikizibe mkidhani ni kutu, na anayeunda mpya akitoboe.

Kabla ya kulipa, injini iwashwe ikiwa baridi, maungio yote yapakwe maji ya sabuni kwa brashi, na mdomo wa bomba uzibwe kwa tambara nene kwa sekunde chache. Popote povu linapotoka, kazi haijaisha.

Fundi wa ekzosi,
Ilala, Dar es Salaam