Shoga, nimewaona ndege waliofunga

Cape Town, 23 Novemba 2025

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo huko nyumbani, na mguu wa mama umepoa. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku bado haijanizoea. Kwenu najua kaskazi ndiyo inaingia. Huku wakati huu wa kiangazi upepo hutoka kusini mashariki, tena huvuma hasa, mtandio nimeubana kwa pini mbili na bado unataka kunitoka.

Uliniuliza kwenye simu kama kweli siku yangu ya mapumziko nitaimaliza kwa kwenda kutazama ndege, hao pengwini. Nimekwenda, jana Jumamosi, na tangu jana nakuwaza wewe na mwamba wetu wa pweza. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia, picha peke yake zisingetosha.

Mahali penyewe panaitwa Boulders, katika mji mdogo wa Simon's Town. Nilipanda treni hapa mjini, na ikishapita Muizenberg reli inaandamana na bahari, unakaa dirishani unaona povu la wimbi karibu na miguu yako. Kutoka stesheni nikaenda kwa miguu. Pwani ile ni majabali matupu, ya mviringo na laini, mengine makubwa kama nyumba. Wanaosoma mawe wanasema yana umri wa miaka milioni 540. Katikati ya majabali kuna vipande vya mchanga mweupe, na maji humo yametulia kama ya birika la msikitini. Nilitia mguu mara moja nikautoa. Maji ya kule si ya kuchezea.

Kabla sijafika langoni nilikuta kibao kinachowaambia madereva wachungulie chini ya gari kabla ya kuondoka, maana pengwini hupenda kujificha kivulini. Hapo nikajua nimeingia mtaani kwao.

Usimfikirie yule pengwini wa kwenye barafu tunayemwona kwenye televisheni. Huyu ni wa Afrika, na kiasili hazai pengine popote ila pwani za Namibia na Afrika Kusini. Kimo chake kinalipita goti kidogo, uzito kilo tatu hivi. Mgongo mweusi, kifua cheupe chenye madoa, na madoa ya huyu si ya yule, kama alama za vidole vyetu. Juu ya jicho ana ngozi tupu ya waridi, kama hina ya wiki ya pili. Jua likimzidi, damu hupanda pale ikapoe, na rangi inakolea. Akilia sasa! Anainua kichwa, anatanua mbawa, na inatoka sauti ya punda, punda kabisa. Ukifumba macho utadhani uko sokoni na magari ya punda yanashusha mizigo.

Wametengeneza njia za mbao zilizoinuliwa juu ya mchanga, wewe unapita juu na wao chini wanaendelea na mambo yao. Karibu na kona moja nilimkuta mmoja amesimama peke yake chini ya kichaka, ameuelekea upepo. Manyoya yalikuwa yanamtoka mafungu mafungu, yamemwagika miguuni kama sufi ya mto uliochanika, na penye pengo kifuani yanachungulia mapya, yanang'aa. Macho ameyafumba nusu. Watu wakipita wanamcheka, kwamba amechakaa. Mimi nilidhani anaumwa, nikamwuliza mlinzi wa hifadhi aliyekuwa karibu.

Akaniambia hana ugonjwa, anabadilisha manyoya. Kila mwaka mara moja manyoya yote hutoka kwa pamoja, na inachukua kama wiki tatu. Muda huo wote hawezi kuingia baharini, kwa sababu manyoya ya zamani hayazuii maji tena na mapya hayajakamilika; akiingia atalowa mpaka kwenye ngozi na baridi itamuua. Na asipoingia baharini hali, kwa kuwa chakula chake chote kiko humo. Kwa hiyo kabla ya kuanza inampasa ale sana, anenepe, kisha asimame pale nchi kavu mpaka amalize.

Shoga, nilisimama na yule ndege zaidi ya nusu saa. Amefunga. Siku ishirini na ushei bila futari wala daku, na bahari iko hatua kumi mbele yake, anaisikia na kuinusa. Daku yake aliila wiki kadhaa zilizopita, na kama hakuipata ya kutosha, hakuna wa kumwongezea.

Na hapo ndipo penye shida yao. Chakula chao ni sadini na dagaa wadogo wadogo, na hao hao ndio wanaotafutwa na meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia kundi zima. Juu yake bahari yenyewe imebadilika, samaki wengi wamesogea mashariki na kuyaacha mbali makoloni ya magharibi, yaani mahali wanapokusanyika pengwini kuzaa. Zamani pengwini hawa walikadiriwa kupita milioni. Watu waliwakusanyia mayai kuyauza mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1967, wakawakwangulia visiwani ile samadi ngumu ya ndege waliyokuwa wakichimbia viota, ikauzwa mbolea. Sasa jozi zinazozaa hazifiki 10,000, na mwaka jana, 2024, wametiwa kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Nilimwangalia tena yule wa kichakani baada ya kuyajua hayo na nilishindwa kumpiga picha.

Lakini sikiliza hii, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Pale Boulders hawakuwako tangu zamani. Jozi mbili za kwanza zilikuja kuzaa mwaka 1982, mbele ya nyumba za watu, kwa hiari yao. Na sababu moja inayotajwa ni kwamba uvuvi wa meli kubwa ulikuwa umepunguzwa katika ghuba ile, sadini na dagaa wakaongezeka, na ndege wakaifuata riziki. Kutoka jozi mbili wakafika maelfu. Bahari ilipumzishwa kidogo tu, ikajibu.

Sasa niambie, si ndiyo yale yale ya mwamba wetu?

Unakumbuka kamati ilipofunga mwamba wa pweza mara ya kwanza, asivue mtu miezi mitatu? Wewe ulilalamika, nami nikalalamika nyuma yako. Tulisema wanaume wana madau yao wataenda mbali, sisi tunaokwenda kuchokoa kwa miguu maji ya bamvua tutakula nini? Na kweli miezi ile ilikuwa mizito, sisahau. Lakini siku ya kufungua wewe ndiye uliyetoka majini na pweza minyiri yake imekuzunguka mkono mpaka begani, unapiga ukelele watu wakadhani umechomwa na samaki taa.

Sasa nasikia mnataka kufunga tena na wewe umesema mara hii hukubali. Shoga, sikulaumu. Wewe una watoto, na mimi huku nakula chakula cha chuo. Ila nakuomba, kabla ya kikao, mfikirie huyu ndege wangu. Huku wanaharakati wa ndege walikwenda mpaka mahakamani kuiomba bahari ifungwe. Mwezi Machi mwaka huu pande mbili zikakubaliana, wao na wenye meli, na mahakama ya Pretoria ikaweka muhuri: meli za sadini na dagaa zisivue karibu na makoloni makubwa sita kwa miaka kumi. Miaka kumi! Nyinyi mnaambiwa miezi mitatu, na mnaamua wenyewe mkiwa mmekaa chini ya mwembe, bila wakili. Hilo si dogo, na hao wa huku wangelipenda sana kuwa nalo mapema.

Wala usidhani watu wa huku hawana huruma. Juni 2000 meli moja ilizama hapa karibu na kumwaga mafuta, ndege kama 19,000 wakalowa. Walioshwa mmoja mmoja kwa mkono. Wengine 19,500 waliokuwa bado safi walibebwa mpaka Port Elizabeth, kilomita mia kadhaa mashariki, wakaachiwa majini waogelee kurudi kwao, ili wakifika mafuta yawe yameshaondolewa. Na walirudi! Watatu walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa satelaiti, wakapewa majina Peter, Pamela na Percy, nchi nzima ikawa inauliza wamefika wapi. Basi watu wanaweza kuwaosha ndege 19,000 kwa mikono. Dagaa baharini ndio hakuna anayeweza kuwaumba.

Jioni, kabla sijaondoka, niliwaona wakirudi kutoka kuvua. Kwanza vichwa tu kwenye maji, kisha wimbi likawatupa mchangani sita kwa pamoja. Wakasimama, wakajikung'uta, wakasubiriana kidogo, halafu wakapanda mmoja nyuma ya mwingine kwa mwendo ule wa akina mama wakitoka mwambani, wamechoka na mizigo imewaelemea. Mmoja alikatiza moja kwa moja mpaka kwenye kichaka, na kabla hajafika kinda wake, mkubwa karibu sawa naye, alimtokea mbio na kuanza kumgonga mdomo. Akainama akamcheulia. Kinda alipomaliza akaomba tena, mama, au baba, maana hulea wote wawili, akainama tena. Safari hii hakikutoka kitu. Kinda akaendelea kugonga tu.

Treni ya kurudi nilipanda kiza kimeshaingia.

Nisalimie mama sana, mwambie dawa aliyoniagiza nimeipata. Na kikao kikimalizika niambie mmeamua nini, hata kama si ninavyotaka. Mkifunga, basi siku ya kufungua nipigie simu alfajiri, uiache wazi mfukoni, niwasikie mkiingia majini.

Wako wa siku zote,
shoga yako