Risasi chini ya viazi vitamu

Mhariri,

Nyanya yangu aliitunza siri yake miaka hamsini. Serikali ya Kenya ilipoondoa marufuku ya Mau Mau, kundi lililopigana na wakoloni Waingereza, mwaka 2003, ndipo alipotuambia: wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni miaka ya 1950 alibeba risasi ndani ya kiondo, chini ya viazi vitamu, akiwapelekea wapiganaji msituni Nyandarua. Babu alikufa bila kujua.

Uingereza ilipokubali kuwalipa fidia watu 5,228 walioteswa kizuizini, mwaka 2013, nyanya hakuwamo, kwa kuwa hakuwahi kukamatwa. Wala hakuomba pesa. Alitaka aitwe mpiganaji, basi.

Tafadhali watumeni waandishi wenu vijijini wawasikilize kina mama waliobaki. Wa kwetu tulimzika bila hata bendera.

Mjukuu wake,
Nyeri