Zilizala si ya watu wa Naivasha pekee

Mhariri,

Kila ardhi inapotikisika, barazani kwetu Mombasa huwa nasikia: "Hayo ni ya watu wa Bonde la Ufa." Kwani tumeshasahau Agosti 12, 2020? Tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea karibu na pwani ya Tanzania, na hata huku likasikika. Mimi nilidhani ni lori la kontena linapita. Bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, hili tulilolikalia, linajitenga na la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, kwa milimita chache kila mwaka, na baadhi ya nyufa zake zimepita chini ya bahari. Volkeno hatuna, alhamdulillahi. Lakini maghorofa haya yanayoota Kizingo na Nyali, nani anakagua nguzo zake?

Mkazi wa Majengo,
Mombasa