Shimesikio isiyoonekana: anza na karatasi ya kipimo, ukubwa uje mwisho

Mhariri,

Muhula wa vyuo ukikaribia, swali la vijana wenye usikivu hafifu hapa Dodoma huwa lile lile: shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) gani ni ndogo kabisa, haionekani, na haimalizi ada? Ni swali la haki. Mtu wa miaka 20 anayeingia ukumbi wa mihadhara wa chuo kama UDOM, Mipango au CBE hana sababu ya kutaka sikio lake liwe kitu cha kwanza watu kukitazama. Tatizo ni kwamba wengi huanza kuchagua kwa ukubwa, na hapo ndipo fedha hupotea. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tueleze mpangilio unaofaa: karatasi ya kipimo kwanza, betri na matunzo baadaye, ukubwa mwisho.

Kabla ya kipimo, sikio lichunguzwe kwa taa. Nta iliyoziba tundu inaweza kupunguza usikivu kiasi cha mtu kununua kifaa wakati alichohitaji ni kusafishwa sikio. (Vijiti vya pamba ndivyo huisukuma nta ndani. Viacheni.) Sikio linalotoa usaha au kuuma, kizunguzungu, mlio wa upande mmoja tu, au masikio mawili yanayopishana sana kwenye kipimo, hayo yote ni ya daktari wa masikio, pua na koo kwanza. Na usikivu ukitoweka ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, usiulize habari za kifaa hata kidogo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za hali hiyo husaidia zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Kipimo kikishafanyika, omba nakala ya audiogramu, yaani ile karatasi ya kipimo yenye mchoro wa usikivu wako, na uipige picha uitunze kwenye simu. Kuisoma si kazi ngumu. Mduara mwekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya bluu ni la kushoto. Kutoka kushoto kwenda kulia ni sauti nzito hadi nyembamba, kwa kawaida hezi 250 hadi 8000. Kutoka juu kwenda chini ni desibeli, na alama inavyozidi kushuka ndivyo upungufu unavyozidi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, wastani wa chini ya desibeli 20 ni usikivu wa kawaida, 20 hadi 34 ni upungufu mdogo, 35 hadi 49 wa wastani, 50 hadi 64 wa wastani uliozidi, 65 hadi 79 mkubwa, na kuanzia 80 ni mkubwa sana.

Hata hivyo umbo la mstari lina uzito kuliko wastani. Vijana wengi wana mstari unaoanza vizuri kushoto kisha unateremka kuelekea kulia. Kijana wa namna hii husikia irabu zote, ila hupoteza s, f, sh, k na t. Mhadhiri akisema "fika", "pika" au "shika", kinacholifikia sikio ni i na a, na konsonanti ubongo huzibahatisha. Ndiyo maana husema "nasikia ila sielewi", na nyumbani huambiwa ana dharau. Kifaa kinachomfaa ni chenye kikofia cha mpira cha kuingia tunduni kilicho wazi, chenye matundu, ili sauti nzito ziingie zenyewe na kifaa kiongeze zile nyembamba tu. Huyu huyu akinunua kidude kinachoziba tundu lote la sikio, sauti yake mwenyewe itavuma kichwani kama anaongea ndani ya pipa, na kabla wiki haijaisha kitakuwa kwenye droo.

Sasa tuje kwenye udogo. Shimesikio inayozama yote ndani ya tundu ndiyo inayotamaniwa, na tunajua kwa nini. Lakini ina masharti ambayo muuzaji asiyejali hayataji. Spika yake inakaa ndani ya tundu, penye nta, hivyo huziba mara kwa mara. Haina nafasi ya maikrofoni mbili, kwa hiyo haiwezi kuipa sauti ya mbele kipaumbele darasani dhidi ya minong'ono ya nyuma. Nguvu yake ina kikomo, na kwa mwenye upungufu mkubwa haitoshi. Sikio lenye historia ya usaha halitakiwi kuzibwa, na hapo huenda kikafaa zaidi kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa. Halafu kwa kawaida hutumia betri ndogo kuliko zote zilizozoeleka, ile ya namba 10 yenye kibandiko cha njano, ambayo hudumu siku 3 hadi 7 tu na huponyoka vidoleni. Faida moja ya kweli inayo kwa mji wetu: upepo. Maikrofoni ikiwa ndani ya tundu, sikio lenyewe huikinga. Iliyo nyuma ya sikio hupokea upepo wa kiangazi wa Dodoma moja kwa moja, na mvaaji husikia mvumo mtupu.

Pamoja na hayo, kwa kijana mwenye bajeti ndogo sisi tunapendekeza ile nyembamba ya nyuma ya sikio. Mwili wake hauzidi sana pingili ya kidole gumba, na kinachoshuka mbele ni waya au mrija mwembamba unaong'aa kidogo tu mwanga ukiupiga. Ina nafasi ya maikrofoni mbili na betri kubwa kidogo, na usikivu ukibadilika inaweza kurekebishwa upya badala ya kununua nyingine. Mvumo wa upepo upo, lakini nyingi zina kipunguza upepo kinachowashwa kwenye kompyuta siku ya kurekebishwa. Ombeni kiwashwe. Anayepanda bodaboda avue kofia ngumu taratibu, kwa mikono miwili, akiipanua pembeni, maana vifaa vingi hupotea barabarani kwa kuvutwa na kofia. Anayevaa ushungi achague kitambaa chepesi kisichobana sikio. Kitambaa kizito hufifisha sauti, na kikisugua maikrofoni hukwaruza, au kikiirudisha sauti kifaa hupiga mluzi.

Kuhusu kujificha, kinachokitoa kifaa hadharani mara nyingi ni rangi. Ile iitwayo "rangi ya ngozi" kwenye boksi ni ya ngozi ya Mzungu, na juu ya ngozi nyeusi hung'aa kama kibandiko cha jeraha. Usiichukue. Kifaa hukaa kati ya nywele na sikio, kwa hiyo chagua rangi ya nywele zako: nyeusi, au kahawia iliyokolea. Kikofia kiwe cheusi au cha kupenyeza mwanga. Kama upungufu wako unahitaji kizibo kilichochongwa kwa umbo la sikio lako, omba kile kigumu cha akriliki kisicho na rangi, ambacho kwa hatua mbili tatu hakionekani. Kile laini cha silikoni hukaa vizuri kwa wenye upungufu mkubwa kwa sababu hakivujishi sauti. Mrija wake ubadilishwe kila miezi 3 hadi 6, maana ukikauka hupasuka na kifaa huanza kupiga mluzi. Umbo la sikio huchukuliwa kwa kutanguliza kipande cha sponji ndani ya tundu kulinda kiwambo cha sikio, kisha hudungwa silikoni laini inayokauka kwa dakika chache. Anayekudunga bila kuweka sponji, mkataze.

Vile vidude vya bei ya kutupa vinavyotandazwa na wauza vifaa vya simu na kutangazwa mitandaoni si shimesikio. Ni vikuza sauti. Hukuza kila kitu kwa kiasi kile kile: mhadhiri, feni, kiti kinachoburutwa. Aliyepoteza sauti nyembamba tu huongezewa na nzito asizozihitaji, na mlango ukibamizwa kifaa hakina breki. Marekani iliporuhusu, Oktoba 2022, vifaa vya usikivu kuuzwa bila cheti cha daktari kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani, iliweka kikomo cha sauti inayotoka: desibeli 111, au 117 kwa kifaa chenye uwezo wa kubana sauti kubwa. Kidude ambacho boksi lake halitaji kikomo chochote kinaweza kuharibu usikivu uliobaki. Wapo pia wanaouliza kuhusu AirPods Pro 2, ambazo tangu Oktoba 2024 Apple imeziwezesha kufanya kazi ya shimesikio kwa mwenye miaka 18 na zaidi mwenye upungufu mdogo hadi wa wastani. Huduma hiyo haifunguliwi katika kila nchi, inahitaji simu au tableti ya Apple, na chaji yake ni ya takriban saa sita. Na mhadhiri atadhani unasikiliza muziki.

Bei ya kifaa ni mwanzo tu wa gharama. Piga hesabu ya masikio mawili kwa mwaka. Betri namba 10 ikidumu siku 5, ni betri 146. Namba 312 ya kibandiko cha kahawia ikidumu wiki, ni 104. Namba 13 ya kibandiko cha chungwa ikidumu siku 12, ni 61. Kwa pakiti za betri sita, hizo ni pakiti 25, 18 na 11. Kwa mwanafunzi, tofauti hiyo pekee inaweza kuamua kifaa gani kitavaliwa mwaka mzima. Za kuchaji ni nzuri na hudumu siku nzima kwa chaji ya saa tatu au nne, na kama chaja yake ni ya USB, pawabenki inatosha umeme ukikatika. Ila hununuliwa ghali, na betri ya ndani ikichoka baada ya miaka michache kifaa hurudishwa kwa mtengenezaji.

Betri hizi za zinki hufanya kazi kwa hewa. Ukishabandua kibandiko, ziache wazi dakika tatu hadi tano ndipo uziweke. Ukiziingiza papo hapo hufa mapema, na watu huilaumu pakiti. Kurudisha kibandiko hakuzizimi. Hewa kavu kama ya kwetu huzikausha, kwa hiyo usibandue betri ya akiba ya kesho. Angalia tarehe ya mwisho kwenye pakiti, usinunue za miaka miwili kwa mkupuo, na uziweke mbali na watoto. Mtoto akimeza betri apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Dukani, kabla ya kutoa hata shilingi, uliza haya. Kifaa kitarekebishwa kwa audiogramu yangu, kwa kompyuta, nikiwa nimekaa hapa? Nani hapa Dodoma ana programu na waya wa kukirekebisha, au nitapanda treni kwenda Dar es Salaam kila mara? Vipo vifaa vilivyofungwa ambavyo hurekebishwa na duka lililoviuza peke yake. Bei hii ina vizibo, vikofia vya akiba, vichujio vya nta na marudio mangapi? Muda wa kujaribu ni siku ngapi, na je, umeandikwa kwenye risiti? Dhamana inahusu nini? Mwenye kadi ya bima aulize kwa maandishi, kabla ya kununua, kama kifaa kinalipiwa na kwa kiasi gani. Idadi kubwa ya "chaneli", yaani mafungu ya sauti ambayo kifaa hurekebisha kila moja peke yake, isikutishe. Kifaa cha kawaida kilichorekebishwa vizuri humsaidia mtu kuliko cha ghali kilichotolewa kwenye boksi kikawashwa tu. Fedha zikitosha kimoja tu, kivae kwenye sikio ambalo mtaalamu anaona litanufaika zaidi. Lakini kwa mwenye upungufu pande zote, viwili vya bei ya chini vinamfaa kuliko kimoja cha kifahari, kwa sababu masikio mawili ndiyo hutambua sauti inatoka wapi, hasa barabarani.

Siku za mwanzo karatasi itapiga kelele na kandambili zitagonga kama kwato. Vaa saa chache nyumbani, ongeza kila siku, kisha nenda darasani. Soko la Majengo liwe la mwisho. Rudi kurekebishwa baada ya wiki mbili ukiwa umeandika mahali palipokushinda. Kila asubuhi mwombe mwenzako, akiwa nyuma yako hatua mbili, atamke a, i, u, m, s, sh. Ukikosa s na sh ambazo jana ulizisikia, chujio la nta limeziba au betri inakwisha. Usiku fungua mlango wa betri, futa jasho kwa kitambaa kikavu, piga brashi ukiwa umeinamisha kifaa ili vumbi lianguke nje, kisha kiweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana na vijipakiti vya kunyonya unyevu, betri ikiwa nje ya kopo. Maji na spiriti visikiguse, na usikiache kwenye dashibodi ya gari juani.

Mhariri, kupitia kwako tunawaomba wenye maduka ya dawa karibu na vyuo waweke betri namba 312 na 13 zenye tarehe inayosomeka, kwa sababu mwanafunzi aliyeishiwa betri Jumatatu hawezi kusubiri basi la Ijumaa. Na wahadhiri watumie maikrofoni ya ukumbi hata wanapoamini sauti yao inatosha, na warudie swali la mwanafunzi wa nyuma kabla ya kulijibu.

Wahudumu wa usikivu,
Dodoma