Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, shikamooni. Wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kukubali kupanda huku Rungwe katika baridi hii ya Juni. Risala za siku hii huwa zinaomba miche. Na sisi tutaomba, ila kwanza tuseme kwamba miti peke yake si msitu. Msitu ni miti pamoja na wote wanaokula, kuliwa, kuchavusha na kuozesha, pamoja na udongo, maji na hewa wanavyovitegemea. Huo ndio mfumo ikolojia.

Tuanze na parachichi, maana ndilo linalotulipia ada wengi wetu. Ua la Hass, aina ya parachichi, hufunguka asubuhi likiwa jike, tayari kupokea chavua. Hujifunga, na kesho yake mchana hufunguka tena likiwa dume, likitoa chavua. Kwa zamu hizo, ua haliwezi kujitegemea. Linamsubiri nyuki atoke kwenye ua jingine. Nyuki anapata mbochi, yaani maji matamu ya ua, na mkulima anapata tunda. Halafu tunaona shamba limechanua na mwenye shamba amebeba bomba la dawa ya wadudu! Wazazi wetu mtusamehe, lakini hapo mtu anatoa hela yake mfukoni ili apunguze mavuno yake mwenyewe.

Ushirika mwingine uko chini ya ardhi. Tuling'oa shina la maharage katika shamba la shule, tukakuta vinundu kwenye mizizi. Tulipopasua kimoja kwa wembe, ndani kilikuwa na rangi ya waridi, dalili kwamba bakteria waliomo wako kazini: wanaichukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea, nao mmea unawalipa sukari. Urea ya dukani haikopeshwi kwa masharti hayo.

Kwa jirani zetu wa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, hali ni nyeti zaidi. Mbegu ya okidi, mmea wa maua unaoota huko, ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula ndani yake, hivyo haioti mpaka ikutane na kuvu wake udongoni. Anayechimba viazi vya okidi kwa biashara ya chikanda, chakula cha Zambia kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, hawezi kurudisha alichotoa kwa kumwaga mbegu tu.

Kuhusu walaji tutasema kidogo. Katika kila ngazi ya mnyororo wa chakula, takriban asilimia 10 tu ya nishati huvuka kwenda ngazi inayofuata. Ndiyo sababu panzi ni wengi na mwewe wachache. Naye kipunji, kima aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005 ingawa wazee wa mlima huu walishampa jina zamani, anaishi juu ya miti. Msitu ukikatwa vipandevipande, makundi yake hayafikiani tena.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa maombi. Chemchemi iliyo chini ya shule yetu imezungukwa na milingoti, yaani mikaratusi, na mlingoti ni mnywaji mkubwa wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo za vyanzo vya maji. Tunaomba utusaidie kuzungumza na serikali ya kijiji ili milingoti ile iondolewe kwa awamu, na tupatiwe miche ya mikuyu na miti mingine ya asili. Pia tunaomba mizinga ya nyuki na hadubini moja. Tuliyonayo imevunjika kioo. Kumwagilia na kupalilia tutafanya wenyewe, ratiba ya zamu imeshabandikwa kwenye mlango wa maabara.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mazingira